Ile RAV4 Ndogo

Mshonaji wa mtaa wa Kimanga hashtushwi na pikipiki wala malori ya mchele yanayotoka Bwegera, lakini gari dogo likipita, mguu wake huacha kukanyaga cherehani. Husikiliza hadi lipotelee mbali, kisha huivuta nguo na kuendelea. Sauti yake ni ya chini mno, wateja humwinamia ili wamsikie. Ila akipita mtu aliyetoka Bujumbura, huipaza: "Ile RAV4 ndogo, ya milango miwili, bado wanaiuzisha?" Marehemu mumewe, Baba Divine, alikuwa na moja nyeupe. Jumapili baada ya misa walikuwa wakienda nayo Mboko, kando ya ziwa, wawili tu, hadi mafuriko yalipoisomba.

Juzi Thierry, muuza vipuri wa jirani, alimletea simu yake. "Iko, Mama. Bado inauzishwa. Njo hii," akamwonyesha picha.

Mshonaji alifuta mikono kwenye kitenge, akaipokea. Lilikuwa gari pana, jekundu, la milango minne. Akaikuza picha kwa vidole vyake vilivyochubuliwa na sindano, mpaka viti vya mbele vikajaa kwenye kioo, akatazama sanduku kubwa lililovitenganisha.

"Ile kadogo waliacha kuitengeneza zamani, Mama," Thierry akamweleza. "Hii iko na nafasi mingi."

"Njo naona." Akamrudishia simu polepole, ngumi yake ikisogea kama ya anayebadilisha gia. "Mu ile yetu, Baba Divine akibadilisha vitesi, mukono wake ulikuwa unanigusa goti. Njia yote, mpaka Mboko."