Pumzi ya Delmer Stroud

Delmer Stroud alikuwa fundi wa mashine za barafu. Ukimtaja katika jiko la mkahawa wowote pale Nashville, wapishi walijua ni yule anayelala chali nyuma ya friji huku akitunga nyimbo kwa midomo. Ufundi wake haukuwa na matata. Utunzi nao haukuwa mbaya, ila huko hakujisifu, kwa sababu kwa hesabu yake alikuwa hajaanza.

Wengine wangesema alishafika. Kijana mmoja wa suruali za kubana alirekodi wimbo wake wa lori bovu, ukapigwa redioni kiangazi kizima, na nyumba ya Delmer ikapata paa jipya. Majirani walikuja kumpongeza. Delmer aliwashukuru, akawakaribisha chai ya baridi, kisha akasema, "Haujampata mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa mmoja tu: Wilma Jean Tackett. Delmer alimsikia kwa mara ya kwanza akiwa kijana, kwenye maonyesho ya kilimo kule kwao milimani Kentucky. Wilma Jean alisimama juu ya trela la kubebea nyasi, akaimba habari za mwanamke anayefua nguo za marehemu mumewe. Katikati ya neno sauti ilimkwama kidogo, kisha ikafunguka. Delmer alikuwa na soseji mkononi, akaisahau mpaka ikapoa. Tangu siku hiyo kila alichokitunga alilitungia koo lile. Alihamia Nashville, mji wa wanamuziki, kwa ajili ya koo lile. Mke wake wa kwanza alipoondoka, katika sababu alizozitaja koo lile lilikuwemo.

Sasa, Nashville mtunzi hapeleki wimbo kwa sauti yake mwenyewe kama anayo ya kukwaruza. Anamlipa mwimbaji stadi amrekodie kaseti, na kaseti ndiyo inayokwenda kubisha hodi kwa wakubwa. Delmer alimtumia Connie Burdette, mwanamke mnene mwenye utani mwingi, aliyeweza kuiga sauti ya yeyote, hata ya hakimu aliyeivunja ndoa yake.

"Imba kama Wilma Jean," Delmer alimwambia kila mara. "Na pale anapokwama, usipasahau."

"Kaka, siku moja nijaribu kuimba kama Connie?"

"Connie nani atamsikiliza?"

"Nenda zako huko," Connie alijibu, akaimba kama Wilma Jean.

Kaseti zilikwenda na kaseti zilirudi. Asante sana, si wimbo wetu. Masharubu ya Delmer yaliota mvi kwa mtindo huo. Kisha zikaja habari kwamba Wilma Jean anatengeneza santuri moja ya mwisho halafu anastaafu, koo limechoka. Delmer alikosa hata hamu ya kula. Kama si safari hii, basi ndiyo haitakuwa tena, na angezikwa akiwa mtunzi wa lori bovu.

Ndipo alipotunga wimbo aliokuwa akiukwepa siku zote, "Mayai Mawili". Ulimhusu baba yake, mchimba makaa, ambaye baada ya kufiwa na mkewe aliendelea kukaanga mayai mawili kila asubuhi, moja lake na moja la sahani ya upande wa pili wa meza. Connie aliuimba kama Wilma Jean mpaka fundi mitambo wa studio akajifanya ana mafua.

Wiki iliyofuata simu ililia. Alikuwa Wilma Jean mwenyewe, anamwita nyumbani kwake. Delmer alivaa koti lake la misibani, akaendesha gari huku akiimba kwa furaha.

Alimkuta jikoni, mama wa nywele nyeupe, anachochea sufuria ya maharage. Kaseti ilikuwa mezani.

"Nani anaimba humu?"

"Connie Burdette, mama."

"Hatari huyo! Ameniiba mzima mzima." Aliisukuma kaseti kuelekea kwa Delmer. "Miaka yote hii, baba, kila ukiniletea wimbo nakuta nimeshauimba. Sasa mimi niongeze nini? Na leo kibaya zaidi, umeniletea mimi wa zamani. Pale anapopanda, mimi sipafikii tena."

Kumbe ile heshima yote Delmer aliyompa ndiyo iliyokuwa ikimfungia mlango, na hakuna aliyeufunga ila yeye. Alinyanyua kaseti, akaomba radhi, akageuka kuondoka.

"Unakwenda wapi? Gitaa hilo hapo. Imba wewe."

"Mama, mimi sauti sina."

"Ndiyo maana nakwambia uimbe. Keti."

Akaketi, akaimba. Alikwaruza ubeti wa kwanza, akaukosea wa pili. Alipofika pale baba anaposogeza sahani, "kula, mpenzi," maneno mawili tu, pumzi zilimwishia. Hakuwahi kuuimba wimbo ule mbele ya mtu. Akanyamaza baada ya "kula", akavuta hewa kwa sauti kama mtu aliyepanda ngazi, ndipo akamalizia. Aliona aibu mpaka masikioni.

Wilma Jean alizima jiko. "Mwambie huyo Connie ajiimbie mwenyewe, anajinyima," alisema. Kuhusu wimbo hakusema lolote, na Delmer hakuthubutu kuuliza. Alifungiwa maharage na kipande cha mkate wa mahindi, akaenda zake.

Majira ya baridi yakapita. Siku moja alikuwa amelala nyuma ya mashine ya barafu ya mkahawa mmoja, spana mkononi, redio ya jikoni imewashwa, akasikia mpigo wa gitaa alioujua. Kisha sauti ya Wilma Jean, ya chini, iliyochakaa, haipandi popote. Alifika kwenye sahani. "Kula," aliimba. Akanyamaza. Ikasikika hewa ikivutwa, nzito, pale pale, halafu, "mpenzi."

Mpishi alitikisa kichwa. "Maskini bibi wa watu. Kazeeka, pumzi zimemwishia."

"Hiyo si pumzi yake," Delmer alisema kutoka chini, huku machozi yakimwingia masikioni. "Hiyo ni yangu."