Mbuzi wa Karani wa Benki

"Kuanzia leo, anayemtaka Fabiano Alute aje mjini abishe mlango wa mbao! Habari ya kukohoa nje ya tembe imekwisha!"

Maneno hayo babu yangu aliyasema kwenye mnada wa ng'ombe mwaka 1966, amesimama juu ya kreti ya soda. Alikuwa fundi baiskeli wa Unyambwa, ambako hodi ya tembe ni kukohoa nje, na alikuwa amenunua nyumba ya bati mjini Singida. Kwa sauti aliyoitoa, hata ng'ombe walipata habari.

Muuzaji alikuwa Chhotalal, mwenye duka la vitambaa, mzaliwa wa hapo hapo, anayekijua Kinyaturu kuliko mimi. Alikuwa anahamia Mwanza, na nyumba yake ilikuwa bado rehani benki. Wakapatana hivi: babu auze ng'ombe wake wote, fedha ampe Chhotalal, ahamie. Kisha kila mwezi alipe benki kwa jina la Chhotalal mpaka deni liishe, ndipo hati itoke na kubadilishwa jina.

"Ila Fabiano ndugu yangu," Chhotalal alimwonya, "benki wasijue. Nyumba ya rehani haiuzwi bila ruhusa yao. Wakijua watataka deni lote kwa mkupuo. Wewe lipa, kaa, nyamaza."

Nyamaza! Kwetu ng'ombe aliyenunuliwa bila pombe na mashahidi ni ng'ombe wa wizi, sembuse nyumba. Tena babu aliichukulia rehani kama ng'ombe uliyewekewa na mtu: maziwa unakunywa wewe, lakini mwenyewe yupo, na mwenyewe hafichwi sherehe. Basi akachinja mbuzi, bibi Elina akapika pombe ya mtama, akaalikwa mjumbe wa nyumba kumi. Akaalikwa pia karani wa benki.

"Baba Raheli," bibi alimwuliza babu, "Chhotalal si alisema tunyamaze?"

"Chhotalal mwoga. Mtu ameshakula mbuzi wako, atakugeuka?"

Karani alikuwa Stefano, kijana wa Ihanja mwenye tai. Alikula paja zima. Babu, pombe imeshapanda, akasimama: "Naishukuru benki kwa kuniachia nyumba ya Chhotalal!"

Stefano akaacha kutafuna.

"Mzee, mbuzi wako mtamu," alisema wakati wa kuaga, macho chini. "Lakini nimesikia, na mkubwa wangu akiniuliza siwezi kusema sikusikia."

Benki ikataka deni lote kabla ya mavuno. Babu hakuwa na hata ndama. Chhotalal akaitwa kutoka Mwanza, ambako fedha ya ng'ombe ilishageuka duka jipya.

"Nilikuomba jambo moja tu," alimwambia babu kwa Kinyaturu, taratibu, watu wasisikie. Babu alisema heri angemtukana.

Nyumba ikanadiwa, akaichukua Hirji mwenye mashine ya kusaga. Babu na bibi wakarudi Unyambwa kwa kupita nyuma ya makaburi, wasionekane sokoni. Haikusaidia. Watu walifika nje ya tembe na badala ya kukohoa wakagonga hewani: "Ko, ko, ko! Mzee Fabiano, mlango wa mbao uko wapi?" Yeye ndani kajifunika shuka, bibi anajibu kwamba hayupo. Mnadani hakukanyaga tena. Hata chumvi alinunuliwa.

Mwaka uliofuata benki zikataifishwa. Babu akajikaza, akaenda dirishani kumwuliza Stefano: kama benki sasa ni ya wananchi wote, nyumba yake si imerudi? Stefano hakucheka, alimwonea huruma. Babu hakumsamehe kwa hilo mpaka anakufa.

Lakini baiskeli za kutengeneza zilikuwa mjini. Mwisho alikwenda kwa Hirji, kofia mkononi, kuomba pa kufanyia kazi. Akapewa baraza la nyumba ile ile. Miaka yote aliketi ameupa mgongo mlango wa mbao, na wateja wenye mdomo waliubisha kwanza ndipo wakamkabidhi baiskeli.

Kodi ya baraza ilikuwa shilingi kumi na tano kwa mwezi, na hiyo haikuwa na siku ya kuisha.