Sabuni Yangu na Mtungi wa Jirani

Wivu wangu ulianza na kipande cha sabuni. Miaka ile ya Ujamaa sabuni tuliipangia foleni duka la ushirika, na mume wangu akaichukua yangu ya kufulia, akaenda kuitoa povu chumbani kwa jirani.

Jirani mwenyewe alikuwa mjane wa Kichagga, mpangaji mwenzetu hapo Kariakoo, chumba cha uani. Alipika mbege tamu, ile pombe ya ndizi ya kwao, sikatai. Kisha akanunua pipa la chuma na mtungi wa gesi kutoka baa iliyofungwa, ili mbege yake itoke na povu kama bia. Mume wangu alikuwa fundi kwenye karakana za mtaa wa Gerezani, basi akaombwa msaada, na kila Jumamosi akawa huko. Mtungi aliufunga ukutani kwa mnyororo usije ukaanguka. Mlango wetu bawaba ilikuwa inaning'inia tangu Ramadhani. Kila kiungio cha mpira alikipaka povu, akainama kutazama kama kinavuja, kwa upole ambao mimi sikuwahi kuuonja.

"Mlango usifungwe, shemeji," alimwambia. "Gesi hii haina harufu. Ikijaa chumbani inakukata pumzi hujijui."

Sharti hilo nililipenda mno. Niliweka kigoda changu uani, nikachambua mchele huku nikiwakodolea macho.

Jumamosi moja sabuni ikawa hakuna, mtaa mzima. Mume wangu akasema leo atasikiliza kwa sikio kama gesi inavuja. Mara mvua ikashuka, ikapiga mabati hata sauti yako mwenyewe huisikii. Nikaanua nguo, nikachelewa chumbani nikizitandaza. Kurudi, mlango wa jirani umefungwa, dirisha nalo.

Sikufikiria gesi hata kidogo. Niliupiga mlango teke, nikaingia na matusi yangu tayari mdomoni. Nikawakuta sakafuni wote wawili, hawajitambui, mpira wa mtungi unapuliza. Nikapiga yowe. Wapangaji wakaja, tukawaburuta hadi barazani.

"Umewahi, dada!" walinisifu. Mimi nilikuwa nimewahi fumanizi.

Mume wangu alizinduka kichwa chake kikiwa mapajani pangu.

"Mwenzangu yuko wapi?" akauliza.

"Niko hapa, mume wangu."

Alinitazama, kisha akageuza shingo kutafuta upande wa pili.

"Siyo wewe," akasema.