Mgeni wa Juu Katika Mahindi ya Kukhu

Nilipokuwa mtoto nililichukia jina langu. Naitwa Nangila, jina ambalo sisi Wabukusu humpa msichana aliyezaliwa njiani, na mimi nilizaliwa kando ya barabara, kupita Kamukuywa, mama akikimbizwa hospitali Kitale kwa pikapu iliyokwama matopeni. Shuleni walinitania ati niliokotwa. Lakini Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, alinithamini kuliko wajukuu wote. Aliamini kwamba mtoto wa njiani hadhuriwi na kitu chochote kilichotoka mbali, kwa kuwa alikutana na ugeni kabla hajaijua nyumba. Imani hiyo haikunisumbua hadi siku ilipotakiwa kufanya kazi.

Ulikuwa msimu wa kuvuna. Tulikuwa tumekata mahindi kwa panga na kuyasimamisha shambani mafungu mafungu ili yakauke, na majirani walikuwa waje kutusaidia kuyavunja kutoka kwenye mabua, kama tulivyowasaidia wao wiki iliyotangulia. Walipofika asubuhi wakakuta kitu kikubwa cheupe kimekaa juu ya fungu la katikati, kinapumua. Mtoto wa jirani aliapa kuwa alikiona kikishuka kutoka mawinguni. Wote wakaganda pale kwenye ua.

"Mimi siingii humo, bana," alisema Mama Simiyu, aliyekuwa kiongozi wa kikundi chao. "Hiyo kitu iko na uhai. Ati inibebe inipeleke huko juu, watoto nimwachie nani?"

Hakuna aliyemcheka. Na huku upande wa Mlima Elgon mvua ilikuwa imeshaanza kujikusanya. Mahindi yale yakilowa yangeoza, na ghala la Kukhu lilikuwa tupu, limefagiliwa kungojea hayo hayo. Tungekula nini mwaka mzima?

Binamu yangu Wafula, wa kidato cha tatu, akaamua kututoa hofu.

"Kukhu, hao watu wa nyota zingine hawawezi kufika hapa. Toa hili jua letu, nyota ya karibu kabisa, mwanga wenyewe unasafiri zaidi ya miaka minne kutoka huko. Roketi zetu zingechukua maelfu ya miaka. Mtu si atakufa hata robo ya safari hajafika?"

Kukhu alifikiri kidogo. "Kwani huko ndani ya gari yao hawaoani? Hawazai?"

"Wanaweza," Wafula akakubali, macho yakimng'aa. "Hata wanasayansi wanasema hivyo. Ati chombo kubwa kama kijiji, watu wanalima humo, wanazaa, wanazikana, mpaka wajukuu wa wajukuu ndio wafike."

Maskini Wafula! Alikuja kuzima moto, akamwaga mafuta ya taa. Mama Simiyu alirudi nyuma hatua kadhaa. Kukhu naye akanigeukia kama mtu aliyepata jibu la hesabu.

"Basi wanaofika wote wamezaliwa njiani. Ni wenzako hao, Nangila. Enda uwasalimie, uwaambie sisi tunataka kuvuna."

Mama alikuwa Lugulu akimuuguza dada yake, la sivyo ningeshikwa mkono na kurudishwa nyumbani. Nilitaka kulia. Nikatazama ghala, nikatazama mlima, nikaona kwamba nisipokwenda mimi hakuna atakayekwenda. Nikaingia shambani. Nilikataa kabisa kugeuka nyuma, maana nilijijua, ningegeuka ningekimbia.

Kile kitu kilikuwa kinajaa na kunywea. Nikasimama mbele yake nikasema, "Mulembe," salamu yetu ya amani. Kikapumua. Nikarudia kwa sauti, nikaongeza kwamba mvua inakuja na sisi hatuna chakula. Kilipokosa kujibu nilikasirika. Nikakikamata kwa mikono miwili nikavuta.

Kilikuwa mfuko mwembamba wa plastiki, una kamba ndefu na kisanduku kidogo, na pumzi yake ilikuwa upepo tu. Chifu alikuja kutuambia baadaye kwamba ni baluni ya kupimia hali ya hewa. Siku hiyo mimi nilipiga kelele tu, "Ni plastiki!" na majirani wakamiminika shambani. Tulivunja mahindi bila kupumzika. Mvua ilitukuta tukifunika magunia ya mwisho kwa turubai.

Sasa naishi Bungoma mjini, na watu hunitumia kwa simu video za taa za ajabu angani. Mimi huwaza wale wa chombo cha Wafula, walio katikati ya safari, ambao hawakuchagua kuondoka wala hawatafika, lakini wanalima ili wengine wapate kula. Nawahurumia, na nawapenda.

Ila kwa miaka mingi nilikuwa na kinyongo na Kukhu. Nani humtuma mtoto kwa kitu ambacho watu wazima wamekikimbia? Sikumuuliza hadi akafa. Tulipomzika, Wafula alinivuta kando.

"Kwani ulifikiri ulienda peke yako?"

Akanieleza kwamba nilipoingia tu, Kukhu alitupa fimbo yake ya kutembelea, akawaonyesha watu wote wanyamaze nisije nikageuka, akanifuata akiinama, fungu hadi fungu. Niliposhika plastiki alikuwa fungu la pili nyuma yangu. Niliposhangilia, akarudi haraka hadi kwenye ua, akakaa.

Nilicheka, kisha nikalia vibaya sana. Nyanya yangu aliamini kwa moyo wake wote kwamba sitadhurika. Na bado alikuja na panga.