Simu Iliyohamia Brazili

Kaka yangu alinipigia nikiwa nafagia kibanda changu cha chakula pale Somanga. Mwezi wa Ramadhani abiria wanaoshuka kula mchana huwa wachache, basi yeye akahesabu kwamba sina kazi.

"Wewe ndiye uliye karibu," alisema. "Nenda Kisiwani ukamfungashie mama vitu vyake, umlete kwangu Lindi. Akili imeanza kumtoka."

Nikamuuliza kajuaje. Alikuwa amempigia asubuhi ile na kumuuliza ni saa ngapi, mama akamjibu bila wasiwasi wowote: saa tisa. Wakati huo ilikuwa saa tatu asubuhi. Halafu jana yake jirani alimkuta ameketi chini kisimani, kizunguzungu kimemshika, amefunga bila kula daku. Niliudhika, ila nilifunga kibanda nikaondoka, maana kwa hayo mawili hata mimi niliingiwa na hofu.

Mama ana presha. Daktari alimruhusu kufunga kwa sharti kwamba asikose daku, na dawa aimeze palepale, saa kumi ya alfajiri. Sisi watoto tukaongeza sharti letu: atabaki peke yake Kisiwani, katika nyumba aliyotuzalia sote, maadamu anajimudu kwa dawa zake. Kaka tangu zamani hakupenda mpango huo. Mimi ndiye niliyeupigania, na mama akaushika kwa mikono miwili. Kila usiku aliiweka simu yake ndani ya sufuria tupu kando ya kitanda, ili kengele ya daku ikilia iitikise nyumba nzima.

Simu hiyo alikuwa ameipanga kwa namna yake. Saa ya ukutani nyumbani hana, ila ile ya msikitini haijawahi kumsumbua: mshale mfupi ukielekea saba, yeye husoma namba inayotazamana nayo, akasema saa moja. Lakini simu huandika namba moja tu, haina upande wa pili wa kutazama. Basi alipoletewa simu janja na wajukuu alimpelekea fundi simu wa Masoko, ng'ambo ya maji, akamwambia aisogeze mbele saa sita, ili moja yake iwe moja yetu. Fundi alicheka, akafanya. Kwa miaka kadhaa simu ile ikasoma kama anavyosoma mwenyewe, na sisi tukazoea kuona saa ya ajabu tukiishika.

Nilifika Kisiwani alasiri imeshasaliwa. Nilitegemea ugomvi, kwa sababu mama yangu namjua, ukimgusa nyumba yake umemgusa jicho. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, akanikaribisha mkekani. Hakugomba. "Kaka yako kanambia," alisema. "Twende tu, mwanangu, ukishapumzika."

Upole ule ulinitisha kuliko kizunguzungu cha kisimani. Nikaingia ndani kutafuta dawa zake nione zimebaki ngapi. Simu ilikuwa ndani ya sufuria. Niliichukua, ikawaka, ikaandika 4:20. Nikatoka nayo barazani.

"Mama, hebu nisomee, saa ngapi hapa?"

Aligeuza uso. "Usiniulize saa, mwanangu. Nakuomba. Usiniulize tena habari ya saa."

Nikaketi karibu yake. Akaanza kunieleza mwenyewe, macho yakiwa kwenye mkeka. Siku ile ya kisimani aliamshwa na adhana ya alfajiri, daku imempita, simu haikulia. Akanuia kufunga hivyohivyo, akasali, akajilaza kwa uchovu. Mvua ilikuwa inanyesha, ndani giza. Simu ikaja kulia baadaye, akaitazama: kumi. Akajua ni saa kumi ya jioni, amelala mchana kutwa. Akatawadha mbiombio, akalipa adhuhuri iliyompita, akasali na alasiri. Akakaa akivuta tasbihi kungoja magharibi, na hata hajakunja msala, akasikia msikitini wanaadhini adhuhuri.

"Nilikaa palepale juu ya msala," alisema. "Nikajua basi, ndiyo mambo yenyewe haya. Mama yangu naye alianza hivihivi."

Nilihisi machozi na kicheko vinanijia pamoja, vikanishinda vyote. Mama akanitazama kama anayeona mwanawe naye kachanganyikiwa.

"Mama, si wewe! Ni simu. Imejirudishia saa zake. Hapa ni saa kumi na dakika ishirini, na yenyewe inaandika nne. Hii simu umeifanya nini?"

Hakuifanya kitu. Kulikuwa na maandishi yaliyokuwa yakimjia kila mara, yakitaka aweke programu mpya, naye akibonyeza "Baadaye" kama fundi alivyomfundisha. Usiku ule hapakuwa na "Baadaye". Ilimwarifu tu, ikazima, ikawaka, ikajipigia kengele yake ndogo ya furaha. Mama akairudisha kwenye sufuria, akalala.

Asubuhi yake tulivuka hadi Masoko, mimi nikiwa nimejaa maneno. Nikamkuta fundi, nikammwagia yote, utadhani simu kaiunda yeye. Alisubiri nimalize. Kisha akaniambia, "Dada, simu ya zamani ni mlango uliooza. Matapeli wanapita. Hao wenye kampuni wakingoja kila mtu akubali, watu wataibiwa mpaka basi."

Nikamjibu mlango ubadilishwe, sikatai, lakini hapa kwetu hata anayekuletea mlango mpya anapiga hodi, na akishaingia hakuhamishii kitanda. Fundi akasema hilo kweli. Na mimi moyoni nilikiri kwamba lake pia ni kweli, kwa sababu mama angetapeliwa kupitia simu ile ningemlaani mtu yuleyule kwa kutomfungia mlango. Nadhani aliyeandika ile programu hana ubaya. Hajui tu kwamba kuna mtu anayeanza kuhesabu siku yake jua linapochomoza. Laiti angejua, angeuliza.

Fundi alijaribu kuisogeza mbele kama zamani, simu kwa programu yake mpya ikakataa kufungua ujumbe wa wajukuu, eti saa yako si sahihi. Mama aliposikia neno hilo aliinama. Ndipo fundi akafungua orodha ya miji ya dunia, akateremka nayo kwa kidole, akahesabu kwa midomo, akasimama kwenye mji mmoja wa Brazili. Huko wako nyuma yetu saa sita kamili. Akaugusa. Namba zikageuka: 9:30 ikawa 3:30, saa tatu na nusu asubuhi ya mama.

"Sasa simu yako inaishi Brazili, bi mkubwa," alisema. "Ila kengele ya daku na dawa itakuamsha alfajiri ya hapa."

Mama aliishika muda mrefu. "Huko Brazili, Waislamu wapo?"

"Wapo."

"Basi sawa."

Nilimpigia kaka tukiwa palepale, nikamweleza yote, nikampa mama simu. Kaka, namshukuru kwa hili, hakubisha. Nikasikia akimwambia mama amsamehe. Mama akamwambia, "Niulize saa." Kaka akasema hakuna haja. "Niulize!" Akamuuliza. Mama akamsomea kwa sauti iliyofanya duka zima ligeuke kututazama.

Tuliporudi Kisiwani niliingia chumbani kwake kurudisha simu kwenye sufuria. Nikaliona begi nililokuja nalo, tupu, nikainama kulisukuma uvunguni. Kulikuwa na kitu kinazuia. Nikakivuta. Ni furushi la kanga, kubwa, limefungwa tayari: nguo zake, msahafu, msala mmoja, na chini kabisa ile sanda aliyojiwekea. Alifungasha kabla sijafika. Kabla hata kaka hajampigia kumwambia ahame.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Nililifunga siku ileile ya msala, nikalikaza sana," alisema. "Nilijua sitalifungua tena hapa."

Tuliketi chini sote wawili kulifungua. Fundo la mwisho nililifungua kwa meno.