Kuta za Baba Hazimo Kwenye Simu

Ukitaka kuchora nyumba kwenye simu, anza na kuta. Usianze na sofa. Najua sofa zinavutia, ziko nyingi, ni za bure, unaziweka kwa kidole tu na ghafla unajiona tajiri. Mimi nilianza na sofa. Nikapanga sofa nyeupe, zulia na meza ya kioo kabla sijajua mlango wa sebule utakaa wapi. Mama alipochungulia akasema, "Hao wageni wako wataingilia dirishani?"

Alikuwa na haki ya kununa. Simu ilikuwa yake, na nyumba niliyokuwa naichezea ilikuwa ya baba.

Baba yangu ni fundi uashi. Nusu ya nyumba za upande wetu wa Kinyangiri amezigusa kwa mkono wake. Yetu aliijenga mwenyewe, chumba kimoja kimoja, kila baada ya kuvuna alizeti, na matofali ya kuchoma aliyalaza badala ya kuyasimamisha, ili kuta ziwe nene. "Upepo wa huku unabeba hata mbuzi," alikuwa akijisifu, "lakini ukifika kwenye ukuta wangu unapiga shikamoo." Mwaka huu, akiwa anapaua nyumba ya mtu mwingine, jukwaa likavunjika. Akaangukia mgongo. Daktari wa hospitali ya mjini alituambia taratibu, kwa ile sauti ya mwalimu anayetaka kusoma matokeo, kwamba miguu haitarudi. Baba atatoka na kiti cha magurudumu.

Baba hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu: "Nitafikaje chumbani kwangu?"

Chumba chake kiko mwisho wa korido. Alikijenga cha mwisho, akakipa dirisha pana kuliko mengine yote, linalotazama yale mawe makubwa nyuma ya nyumba. Kila asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akiyatazama yale mawe kama anakagua kazi ya fundi mwenzake. Mama akiita chai mara tatu, hasikii.

Basi mimi, mchekeshaji mkuu wa kidato cha tatu, nikajibu mbele ya watu wote wodini: "Tulia mzee, nitakuchorea njia." Hakuna aliyecheka. Sijazoea hali hiyo.

Ilikuwa likizo. Mimi na mama tulikuwa tumehamia mjini kwa baba mdogo ili tumhudumie mgonjwa, na nyumba kijijini tumeifunga. Kwa hiyo sikupima. Nilimuuliza mwenye nyumba. Baba alifumba macho, akaanza kunitajia vipimo vyote kama mtu anayesali: sebule hivi, chumba hivi, korido futi nne. Hakusita hata mara moja. Nikaingiza.

Hapa kuna ushauri mwingine. Programu nyingi huja zimewekwa mita. Zibadilishe ziwe futi kabla hujaandika chochote. Mimi niliandika kumi nikimaanisha futi, yenyewe ikaelewa mita, chumba cha baba kikawa kikubwa kuliko ukumbi wa kata. Mama akaniuliza kama baba atakuwa anaendesha mikutano humo.

Ushauri kuhusu mwanga: weka jua la asubuhi, chini chini, lipenye dirishani kwa ubavu. Jua la saa sita linafanya nyumba ionekane kama kituo cha polisi. Na usirende picha kubwa kwanza, yaani usiiambie simu ikutengenezee picha kamili yenye mwanga na vivuli. Renda ndogo, angalia makosa, ndipo urende kubwa, kwa sababu simu itachemka mpaka uweze kuikaangia yai. Yetu nilikuwa naiweka kwenye sakafu ya sementi ipoe, huku mama akiniangalia kama nimemlaza mtoto wake chini.

Tatizo likawa watu. Toleo la bure lina watu wachache, na wote wanatoka nchi ambayo hakuna vumbi. Kiti cha magurudumu hakipo. Nikachukua kiti cha ofisi, nikamkalisha mzungu mmoja mwenye suti anayesoma gazeti, nikampelekea baba simu.

Akaitazama muda mrefu. "Huyu ndiye mimi?"

"Ndiyo mzee. Baada ya kupata nafuu."

Alicheka mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini. Mgonjwa wa kitanda cha jirani naye akaomba aone, akasema, "Hongera mzee, umetakata." Baba akaitazama tena ile picha, kicheko kikamwisha polepole.

"Mbona amekunja nne?"

Yule mzungu miguu yake ilikuwa imepandana, mmoja juu ya mwingine, na programu haina kitufe cha kuikunjua.

Lakini njia ilipita. Hilo ndilo tulilolitaka. Ile programu inakuruhusu kutembea ndani ya nyumba, kamera ikiwa kama macho yako. Nikamtoa baba sebuleni, nikamwingiza koridoni, nikakata kona, akaingia chumbani, jua la asubuhi likiwa limelala kitandani kwake. "Rudia," akasema. Nikarudia. Akawaonyesha wodi nzima. Akamwambia daktari, "Nyumba imekubali."

Siku ya kurudi baba mdogo alitafuta gari. Majirani walikuwa wameshajaa uani. Kizingiti cha mlango wa mbele tulikijazia udongo pakawa mteremko, na baba akakataa kusukumwa. "Niacheni. Naingia kwangu." Akaingia sebuleni vizuri. Akaingia koridoni, vidole vyake vikaanza kukwaruza ukuta, huku na huku. Akafika kwenye mlango wa chumba, akakata kona, kiti kikagoma.

"Rudi nyuma kidogo, kaka," baba mdogo akasema. "Kata kama lori."

Akarudi. Akakata. Kikagoma.

"Weka indiketa, mzee," nikasema. Ni mdomo tu, unatangulia kabla yangu.

Baba hakunigeukia. Alikuwa ameweka kiganja kwenye ukuta wake. Mama akasema kitu kwa Kinyiramba, taratibu, na majirani wakaanza kutoka mmoja mmoja wakijifanya wana kazi.

Nikaleta tepu yake ya kupimia. Nikapima.

"Baba, ulisema futi nne."

"Ni futi nne."

"Ni tatu na inchi mbili."

"Umepima kutoka wapi mpaka wapi?"

"Kutoka ukuta mpaka ukuta."

Akafumba macho. "Wewe umepima hewa," akasema. "Sisi tunapima kamba."

Nikaelewa hapo hapo, na ningependa kusema nilichelewa kuelewa, maana kuelewa hakukusaidia kitu. Fundi wa kwetu anavuta kamba chini kabla ya kuchimba msingi, na kipimo cha chumba kinachobaki kichwani mwake maisha yote ni kipimo cha kamba. Ukuta unakuja baadaye, unakaa ndani ya kamba, unakula nafasi. Ukuta mwembamba unakula kidogo. Wa baba unakula kama fisi. Simu yenyewe ilikuwa inaniuliza hewa ya ndani, nami nikaipa kamba. Kila chumba nilichochora kilikuwa kipana kuliko chenyewe, kwa unene wa matofali aliyokuwa akijivunia.

Kwa hiyo ushauri wa maana ni huu, mwingine wote unaweza kuusahau: mtu akikutajia kipimo, muulize kutoka wapi mpaka wapi. Muulize hata kama ni baba yako na amefumba macho.

Nikachora upya kwa vipimo vya kweli. Nikahamisha mlango. Nikasogeza ukuta. Kwenye simu ukuta unasogea kwa kidole kimoja, wala vumbi halitoki. Nikampelekea baba mapendekezo yangu kwa adabu kabisa, akayaangalia, akatikisa kichwa. Ukuta wa korido ndio uliobeba paa lote, na juu yake hakuna linta, ule mkanda wa zege wa kushikilia kuta; ukiutoboa, paa linashuka. Mwaka aliofika hapo mavuno yalikuwa mabaya, akaruka linta, akategemea unene. Tukamwita fundi aliyekuwa msaidizi wake. Akaugonga ukuta kwa kiganja, akaweka sikio, akamwangalia baba.

"Fundi, wewe mwenyewe unajua."

"Najua," baba akasema. "Nilitaka nisikie kwa mtu mwingine."

Mara moja tu alifika chumbani. Baba mdogo alimbeba mgongoni, akampitisha koridoni ubavuubavu, akamweka kitandani. Tulidhani tumefanya jambo la maana. Alikaa siku nzima hajatazama hata dirisha. Jioni akasema, "Nirudisheni sebuleni. Nimeingia chumbani kwangu kama gunia la alizeti. Sitaingia tena hivyo." Mama akambembeleza. Akakataa. Baba mdogo akamwambia, "Shemeji, mwache." Wakamwacha.

Sasa analala sebuleni, pale nilipopanga zile sofa nyeupe. Tumetundika pazia. Mama analala chini pembeni yake, kwenye mkeka. Na sebule ni mahali pabaya pa kuugulia, maana huwezi kumwambia mgeni kuwa mwenye nyumba amelala ndani. Wanaingia, wanampa shikamoo, wanakaa, wanatazama pazia, wanasifu ukuta. Wote wanausifu ukuta.

Nikitoka shule ananiita. "Nipeleke."

Najua anataka nyumba ipi. Si ile niliyoichora kwa vipimo vya kweli. Anataka ya zamani, ya uongo, yenye korido pana, na anajua kuwa ni ya uongo kuliko ninavyojua mimi. Yule mzungu nimemfuta. Nashika simu mbele ya uso wake, natembea: sebule, korido, kona, chumba. Dirishani ananiambia nisimame.

Nje ya dirisha programu inaweka nyasi za kijani na miti miwili ya Ulaya. Baba hakuwahi kulalamika, ila juzi nilichukua mito ya duara ya sakafuni, ile ya mapambo, nikaikuza, nikaipaka rangi ya kijivu, nikaipandanisha nje kuwa mawe. Nilidhani atacheka.

"Lile kubwa liko kushoto zaidi," akasema.

Nikalisogeza. "Hapo?"

"Bado. Na dogo linaliegemea. Kwa chini."

Mama aliyekuwa anachambua mchicha akainuka, akatoka nje na sinia lake.

Sikukumbuka vizuri jinsi yalivyo. Nikamwambia baba asubiri. Nikapita koridoni kwa miguu yangu miwili, nikaingia chumbani, nikakaa ukingoni mwa kitanda chake. Pananuka vumbi. Niliyatazama yale mawe mpaka nikayashika kichwani, nikarudi, nikasogeza lile kubwa kushoto, dogo nikaliegemeza.

"Hapo," akasema.

Akatazama. Nikaendelea kuishika simu mbele ya uso wake. Kioo cha simu kikafifia, kikazima chenyewe, naye akawa bado anatazama.