Kiti chenye pindo

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa atelie, karakana ya viti vya wasiotembea, wengi wao watoto, aliniketisha kwenye kiti cha magurudumu cha mwanaume mnene na kuniambia nikae hapo mpaka saa sita. Mimi, binti wa wafanyabiashara wa Maniema, nilikuja kushona mito, nikadhani ananidharau. Miguu ilining'inia, mgongo ukaegemea upande. Saa sita akarudi.

«Unasikia namna gani, Mama Zaina?»

«Mugongo inaniuma, Shefu.»

«Wewe uko mukubwa, unasema. Mutoto atapinda tu, na atanyamaza.»

Ndivyo nilivyofundishwa. Upana ni nyonga za mtoto, na kiganja kipite kila upande, basi. Nyuma ya goti libaki pengo la vidole viwili. Nyayo zikanyage kibao. Ninyi vijana wa atelie mnapenda kuanza na magurudumu. Sisi tulianza na matako, mnisamehe.

Akaja mama mmoja wa Butembo, muuza maharage mtaani Birere, amembeba mgongoni binti yake Kavira, ambaye miguu yake haikuwa na nguvu tangu kuzaliwa. Mtoto alishaanza kuwa mzito.

«Mutupatie kikubwa,» alisema. «Atakulia mule.»

Sikumcheka. Nani kwetu hakuvalishwa viatu vilivyojazwa makaratasi mbele? Hata sare ya shule tuliishona na pindo refu, lifunguliwe mwaka hadi mwaka. Lakini shefu alikataa, na mama kwa hasira akaanza kumfunga tena mtoto mgongoni.

Nikasema, «Shefu, na kiti tukiwekee pindo.»

«Chuma si kitambaa, mama.»

Hata hivyo akachukua chaki, akachora sakafuni. Tukaunda fremu ndefu yenye matundu, kibao cha miguu kishushwe kwa bolti. Nyuma ya mgongo nikapanga mito myembamba, mmoja juu ya mwingine. Mapaja yakirefuka, tunatoa mto.

Kila mwaka, masomo yalipokaribia kufunguliwa, Kavira alifika.

«Mama Zaina, leo unafungua pindo?»

«Kama ulikula.»

«Nilikula bugali mpaka mama alichoka kusonga.»

Mimi sikujaliwa kuzaa. Nilimpenda mtoto yule, niseme wazi.

Kisha moto wa volkano ukashuka mjini. Atelie ikabaki chini ya mawe, na cherehani yangu ndani. Mama Kavira alimsukuma binti yake katikati ya umati hadi ng'ambo ya mpaka. Nilipowakuta kule nilikagua bolti kwanza, ndipo nikawakumbatia.

Tulianza upya mtaani Keshero, juu ya mawe hayo hayo, na shefu mpya aliyetaka viti vyote viwe saizi moja. Nikamuuliza, «Shefu, wewe na batoto bako munavaa suruali moja?» Hakurudia.

Halafu waasi wakakaribia, na Mama Kavira akaamua kurudi kwao Butembo kwa lori. Mito miwili ilikuwa bado nyuma ya mgongo wa mtoto. Nilimpa mama spana, nikamwonyesha: pengo la nyuma ya goti likizidi vidole viwili, toa mto. Barabara ikafungwa. Miaka mingi sikupata habari zao.

Leo nimepumzika kazi, ninakuja hapa kuwatazama tu. Mikono inatetemeka, tundu la sindano silioni. Ninawaonea wivu ninyi mnaopima. Masomo yakikaribia, bado natazama mlango, na moyo unaniuma kwa hamu ya kumwona Kavira.

Juzi dereva wa lori la Butembo alisimama hapo mlangoni na mito miwili mkononi. Kitambaa kimefifia, lakini mshono ni wangu.

«Kavira anakusalimia, mama. Iko fundi wa nguo sasa. Anasema pindo ilikwisha, anatafuta kiti ingine.»

Nililia mbele ya mwanaume wa watu. Kisha nikauliza, «Nyonga zake ziko namna gani?»

Akacheka, akatanua viganja hewani. «Kama hivi.»

«Usitikisike, papa,» nilimwambia.

Nikaweka shibiri yangu kati ya viganja vyake, nikapima.